Kishikwambi kipya: uhamishe kila kitu au uanze upya?

Dada mmoja anayeuza dagaa wa jumla Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, ameniandikia hivi:

"Habari za kazi fundi. Nina kishikwambi cha Android nilichonunua kabla mwanangu hajaanza shule, na sasa yuko darasa la tano. Kimejaa, kinaganda, na chaji haiingii mpaka nikunje waya. Nimenunua kipya, bado kiko kwenye boksi, naogopa hata kukiwasha. Cha zamani kina daftari la madeni ya wateja, picha za mtoto tangu mchanga, na WhatsApp ninayotumia na wanunuzi wa Kahama, Bukoba na Dar. Kijana wa duka nililonunua anasema nimwachie vyote viwili, atahamisha kila kitu kwa nusu saa. Shemeji yangu anasema kuhamisha ni kubeba uchafu, bora nianze upya. Cha zamani nimeshamwahidi mdogo wangu aliye Nansio, kisiwani Ukerewe. Nimsikilize nani?"

Salama dada, na hongera kwa kipya. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuwasha.

Kwa hali uliyoieleza, mimi niko upande wa shemeji yako: anza upya. Ila asichokuambia ni kwamba kuanza upya ni hatua ya mwisho. Kwanza wewe mwenyewe utoe kwenye cha zamani vile vitu ambavyo ukivipoteza hakuna duka la Makoroboi wala Rock City Mall litakalokuuzia vingine. Kwako naviona vinne: akaunti ya Google, daftari la madeni, picha, na WhatsApp. Mengine yote, kuanzia magemu hadi mpangilio wa kioo, yabaki huko huko.

Kijana wa dukani simsemi vibaya, na huenda kazi anaijua. Shida iko kwenye hayo maneno "kila kitu". Unapowasha kishikwambi kipya cha Android kwa mara ya kwanza, kinakuuliza kama unataka kunakili programu na data kutoka kifaa kingine. Ukikubali, unaunganisha viwili hivyo kwa waya au bila waya, au unavuta bakapu, yaani nakala ya akiba, iliyoko Google. Vinavyovuka bila shida ni namba za watu, SMS, mipangilio, picha na orodha ya programu. Orodha, dada. Kwa njia hii ya Google, programu zenyewe zinapakuliwa upya kutoka Play Store, tena kwa bando lako. Na yaliyomo ndani ya kila programu yanategemea aliyeitengeneza: kwenye bakapu ya Google kila programu ina kikomo cha MB 25, na mtengenezaji anaweza kuamua data ya programu yake isiingie kabisa. Kwa hiyo unaweza kuiona alama ya daftari lako la madeni kwenye kishikwambi kipya, ukafurahi, ukaigusa, ikafunguka nyeupe kana kwamba hujawahi kumkopesha mtu. Kijana hatakuwa amekudanganya. Atakuwa amehamisha kila kinachohamishika.

Tena kama daftari hilo ulirushiwa na rafiki kwa Xender badala ya kulipakua Play Store, huenda Play Store haina nakala yake ya kukupa. Kuanzia Android 14 mfumo unakataa hata kuingiza programu za kizamani zilizotengenezwa kwa ajili ya Android ya chini ya 6.

Basi tuanze na akaunti, maana bila hiyo mengine yote yanakwama.

Fungua mipangilio kwenye cha zamani, tafuta sehemu ya akaunti au ya Google, uone ni barua pepe gani imeandikwa pale. Je, unaijua? Na nenosiri lake unalijua? Nauliza kwa sababu hapa mjini watu wengi walifunguliwa akaunti na muuzaji siku waliponunua kifaa. Alibuni jina, akaweka nenosiri analolijua yeye, akakukabidhi kifaa kinawaka. Miaka ikapita bila shida kwa kuwa kifaa hakikuwahi kuuliza. Siku ya kuhamia kipya ndipo kinauliza, na muuzaji alishahama duka.

Usikisie. Ijaribu kwenye simu yako ya mkononi: ingia kwenye akaunti hiyo kwa nenosiri unalodhani ndilo. Likikataa, shughulikia sasa hivi, wakati kishikwambi cha zamani bado kiko ndani ya akaunti, maana Google hukuamini kwa urahisi zaidi ukiomba kubadili nenosiri kutoka kwenye kifaa inachokifahamu. Ukishalibadili, weka namba yako ya simu unayoitumia sasa kama namba ya kurejeshea akaunti, utoe ya muuzaji kama ipo. Andika nenosiri kwenye karatasi, uliweke nyumbani na vyeti vya mtoto. Wapo watakaokuambia nenosiri haliandikwi popote. Mimi naona karatasi iliyo kabatini kwako ni salama kuliko kichwa cha mtu anayehesabu magunia kutwa nzima.

Kumbuka pia kwamba Google inashauri ukishabadili nenosiri usubiri saa 24 kabla ya kufuta kifaa chochote kilicho kwenye akaunti hiyo. Kwa hiyo safari ya Nansio isiwe kesho.

Sasa daftari la madeni. Hapa nitakawia, kwa sababu hiyo ndiyo hela yako.

Chagua siku ambayo mzigo umeshaondoka na hutarajii kuandika deni jipya mpaka asubuhi. Hili ni la lazima. Ukitoa nakala saa tano asubuhi, halafu saa nane mchana mtu akachukua magunia matatu kwa mkopo na ukaandika kwenye cha zamani, deni hilo halimo kwenye nakala. Utakuwa na madaftari mawili yasiyolingana, na mteja atakuwa na haki ya kukubishia.

Fungua programu ya daftari, tafuta vile vidoti vitatu vya pembeni au alama ya gurudumu. Angalia kwanza kama inakuonyesha umeingia kwa namba ya simu au barua pepe, na lini mara ya mwisho imetuma taarifa kwenye mtandao. Kama ipo na tarehe ni ya leo, una bahati: kwenye kipya utaiweka tena, utaingia kwa namba ile ile, na madeni yatashuka yenyewe. Hata hivyo usiishie hapo. Tafuta neno Backup au Export, au kwa Kiswahili hifadhi nakala au hamisha. Ukiweza, toa nakala za aina mbili. Ya kwanza ni faili la bakapu la programu yenyewe, ambalo linasomwa na programu hiyo tu. Ya pili ni faili la Excel, ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua hata kama programu hiyo itakufa kesho. Yote mawili usiyaache ndani ya kishikwambi. Yapandishe Google Drive, na ujitumie pia kwa barua pepe.

Kisha yakague. Lifungue faili la Excel kwenye simu yako, uweke kishikwambi cha zamani pembeni, ulinganishe mambo matatu: jumla ya madeni yote, idadi ya wateja, na deni la mwisho uliloandika. Jumla zikilingana na deni la mwisho likiwepo, nakala iko sawa. Zisipolingana, mara nyingi ni kwamba programu imetoa madeni ya mwezi huu peke yake. Rudi ukabadilishe tarehe ya kuanzia.

Kuna kitu kidogo kitakachokushtua. Namba za simu za wateja zinaweza kuonekana zimekatwa sifuri ya mbele, yaani 0754 inasomeka 754. Hazijaharibika. Excel inaichukulia namba ya simu kama hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina thamani, kwa hiyo inaitupa. Usikae kuziandika upya moja moja usiku kucha. Jua tu kwamba kila namba inaanza na sifuri. Tarehe nazo zitazame kwa makini: 03/07 inaweza kuwa tarehe tatu mwezi wa saba, au tarehe saba mwezi wa tatu, kutegemea lugha ya kifaa. Tafuta deni moja ambalo siku yake unaikumbuka vizuri, ndilo litakuonyesha faili linasomwaje.

Na kama programu haina kabisa njia ya kutoa nakala? Zipo za hivyo. Basi piga picha ya kioo kwenye ukurasa wa kila mteja anayedaiwa, halafu nunua daftari la karatasi uyanakili madeni yaliyo hai peke yake. Yaliyolipwa achana nayo. Ni kazi ya jioni moja au mbili, inachosha, lakini hakuna kijana wa dukani atakayeifanya kwa uaminifu kama wewe, kwa sababu wewe ndiye unayejua nani alilipa nusu akasema atamalizia. Kwenye kipya chagua programu nyingine ambayo ina akaunti na inatoa Excel.

Picha za mtoto. Google Photos ndiyo njia nyepesi, lakini ina mitego miwili ambayo imewaliza wazazi wengi. Mtego wa kwanza ni nafasi. Zamani Google ilikuwa inapokea picha bila kikomo kwa ubora uliopunguzwa. Hilo lilikoma tarehe 1 Juni 2021. Sasa unapewa GB 15 za bure, na hizo GB 15 zinagawanywa kati ya picha, barua pepe za Gmail na mafaili ya Drive. Kuanzia mwaka 2024 hata bakapu ya WhatsApp kwenye Android inahesabiwa humo humo. Nafasi ikijaa, picha zinaacha kupanda kimyakimya, nawe unaendelea kupiga ukidhani ziko salama. Fungua Google Photos, gusa picha yako ya duara juu kulia, usome kilichoandikwa: je, bakapu imekamilika, au imesimama kwa sababu nafasi imejaa?

Mtego wa pili ndio mbaya zaidi. Kwa kawaida programu hiyo inapandisha picha zilizopigwa na kamera ya kifaa chenyewe. Zile ulizotumiwa kwa WhatsApp zinakaa kwenye folda nyingine, na folda hiyo haipandishwi mpaka uiwashe wewe. Fikiria picha za mtoto ambazo bibi yake alikutumia, za ubatizo, za siku ya kwanza shuleni alizopiga mwalimu. Nyingi ziko huko. Ingia kwenye mipangilio ya Google Photos, sehemu ya bakapu, utafute folda za kifaa, uwashe ya picha za WhatsApp. Kama una vichekesho na matangazo ya watu elfu humo ndani, futa kwanza, usije ukaijaza GB 15 kwa salamu za "asubuhi njema".

Kama nafasi haitoshi na hutaki kulipia kila mwezi, nunua memori kadi au flashi nzuri ya kuchomeka kwenye tundu la chaji, unakili folda za picha humo. Tahadhari moja: ikiwa cha zamani kina memori kadi tayari, angalia imewekwaje. Ikiwa iliwekwa kama kadi ya kawaida, ichomoe uchomeke kwenye kipya, itasomeka. Ikiwa ilifanywa kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani, imefungwa kwa msimbo wa kifaa kile, na kwingine kokote haisomeki. Kipya kitakuomba ukubali kuifuta. Usikubali. Irudishe cha zamani, uhamishe picha kwanza.

Kuhusu lile tundu la chaji. Unapofanya kazi Mwaloni, unga wa dagaa na mchanga wa mwaloni vinajikusanya humo mpaka waya haufiki mwisho. Watu hudhani limekufa kumbe limejaa. Zima kishikwambi, mulika kwa tochi ya simu, uchokoe taratibu kwa kijiti cha meno kikavu cha mti. Usitumie sindano, na usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji. Fanya hivi kabla ya kuchomeka flashi, kwa sababu waya ukikatika katikati ya kunakili unaweza kuharibu mafaili. Na kama mgongo wa kishikwambi umefura hata kidogo, betri imevimba. Toa data haraka ukiwa umekichomoa kwenye chaji, na hicho tena usimpe mtu yeyote, mpelekee fundi.

WhatsApp sasa. Hatua za kwenye kipya zisubiri mpaka ukiwashe, kama nitakavyoeleza chini. Jibu linategemea laini ya WhatsApp hiyo inaishi wapi. Ikiwa iko kwenye simu yako, na kwenye kishikwambi uliiunganisha tu, huna cha kuhamisha. Kwenye kipya weka WhatsApp, chagua kuunganisha na simu, ufungue sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye simu yako na kuskani alama ya QR. WhatsApp inaruhusu vifaa vinne vilivyounganishwa pamoja na simu moja kuu. Ukae ukijua kwamba simu kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14, hivyo vingine vinatolewa.

Ikiwa kishikwambi cha zamani ndicho kikuu, yaani namba ilisajiliwa humo, kuwa mtulivu na ufuate mpangilio huu. Kwenye cha zamani, ndani ya WhatsApp, ingia mipangilio, kisha sehemu ya gumzo, uchague kuhamisha gumzo. Kwenye kipya weka WhatsApp, ingiza namba yako, usubiri msimbo wa tarakimu sita utakaokuja kwa SMS kwenye laini. Kitakuuliza kama unataka kuhamisha gumzo kutoka kifaa cha zamani. Hapo ndipo wengi wanabonyeza kuruka kwa haraka. Usiruke. Kubali, kitatokea kialama cha QR, ukiskani kwa cha zamani, uviache viwili vikiwa karibu, Wi-Fi na huduma ya mahali (Location) zikiwa zimewashwa, mpaka vimalize. Njia hii inapitisha gumzo moja kwa moja kutoka kifaa hadi kifaa, kwa hiyo haili nafasi yako ya Google. Ukiruka kwa bahati mbaya, futa WhatsApp kwenye kipya uiweke upya, hatua hiyo itarudi.

Kama uliwahi kuweka ile PIN ya ziada ya WhatsApp na umeisahau, na hukuweka barua pepe ya kuirejeshea, utasubiri siku saba. Jaribu kuikumbuka leo, kabla hujagusa kitu. Na ule msimbo wa tarakimu sita haumhusu mtu mwingine yeyote, awe kijana wa dukani au mtu anayepiga akijiita huduma kwa wateja. Anayeupata anaweza kufungua WhatsApp yako kwake, akawaandikia wanunuzi wako wa Kahama watume hela kwenye namba nyingine. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kukukataza kuacha vifaa vyote viwili na laini yako dukani. Ukihitaji msaada wa mikono, mlipe kijana, lakini kaa naye, na kila penye msimbo au nenosiri bonyeza wewe.

Namba za watu ni fupi. Fungua kitabu cha namba, uangalie zimehifadhiwa wapi. Zilizo kwenye akaunti ya Google zitakuja zenyewe. Zilizo kwenye laini au kwenye kifaa zihamishie kwenye akaunti kabla ya yote.

Hayo yakishakamilika, fungua boksi. Chaji hadi ijae. Piga picha ya ule ubavu wa boksi wenye namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, uitunze pamoja na risiti ya EFD. Siku kikiibiwa, polisi watakuuliza namba hiyo. Ikiwa kipya kinatumia laini, itume hiyo IMEI kwa SMS kwenda 15090 ujue kama ni kifaa halisi. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia Juni 2016, hiki si kitu cha kupuuza, na ni bora ugundue ukiwa bado na risiti mkononi.

Ukikiwasha, ukurasa wa kwanza unauliza lugha. Kiswahili kipo kwenye orodha, na ningependa ukichague, kwa sababu mtu anayesoma maonyo kwa lugha anayoielewa habonyezi "kubali" ovyo. Unganisha Wi-Fi. Kikikuuliza kunakili data kutoka kifaa kingine, kwako wewe chagua kutonakili. Nasema kwako wewe, kwa sababu kwenye vifaa vingi nafasi hiyo huja mwanzoni tu. Ukitaka kurudi nyuma itabidi ukifute kwanza. Msomaji mwingine ambaye cha zamani chake hakina miaka mingi, ni cha kampuni ile ile, kinakwenda vizuri na hakijajaa, huyo ahamishe bila wasiwasi. Wenye Samsung kwa Samsung watumie Smart Switch, ambayo inanakili vingi zaidi, na inaweza kufanyika hata baada ya siku kadhaa. Wenye iPad kwa iPad hata wasijiulize: wavilaze viwili karibu, wafuate maelekezo, karibu kila kitu kitavuka, na kama GB 5 za bure za iCloud hazitoshi Apple hutoa nafasi ya muda ya kuhamia kwa wiki tatu. Mashaka ya shemeji yako yana maana kwa Android kuukuu iliyojaa, na hicho ndicho ulichonacho.

Endelea: ingiza akaunti yako ya Google uliyoihakiki, weka PIN ya kufungua kioo, halafu kabla ya programu yoyote sasisha mfumo. Sasisho la kwanza linaweza kuwa kubwa, kwa hiyo tafuta Wi-Fi ya mtu badala ya bando. Kisha pakua programu za kazi tu, zote kutoka Play Store: daftari, WhatsApp, ya shule ya mtoto kama ipo. Kaa nazo wiki. Utakachokikosa ndicho utakachokiongeza.

Mtoto wa darasa la tano atakitaka hicho kishikwambi, hilo halina ubishi. Vishikwambi vingi vya Android vinaruhusu watumiaji zaidi ya mmoja, kila mmoja na chumba chake. Mfungulie wake. Magemu yake hayataona daftari lako, na akifuta kitu atakuwa amefuta cha kwake.

Programu za benki hazihamishiki kwa namna yoyote, na ni vizuri hivyo. Utaziweka upya na kujisajili upya kwa laini yako, ukikwama nenda tawini. M-Pesa, Airtel Money na wenzao wanafuata laini, kwa hiyo salio lako haliguswi na zoezi hili hata kidogo. Kama laini yako ni ya saizi kubwa na kipya kinataka ndogo, usikubali ikatwe kwa mkasi. Nenda duka la mtandao wako na namba ya NIDA, watakubadilishia kwa alama ya kidole.

Sasa cha mdogo wako. Usikifute siku hiyo hiyo. Kiache nyumbani kimewashwa, kiwe na chaji, walau mwezi mmoja, kwa sababu kitu ulichokisahau hukikumbuki mpaka siku unapokihitaji: risiti ya ushuru, picha ya mkataba wa ghala, sauti ya mzee. Angalia hasa folda ya vitu vilivyopakuliwa, kwa kawaida bakapu ya Google haiigusi. Na usikizime ukakitupa kabatini ukitegemea bakapu yake iliyoko mtandaoni: kifaa kisipotumika kwa siku 57, Google inaweza kuifuta bakapu hiyo.

Mwezi ukiisha, chomoa laini na memori kadi. Kwenye mipangilio ondoa akaunti ya Google, kama ni zaidi ya moja ondoa zote, uondoe na PIN ya kioo. Ndipo ukifute kwa kupitia mipangilio kwenye sehemu ya kuweka upya. Kuanzia Android 5.1 ya mwaka 2015 kuna ulinzi wa wizi: kifaa kikifutwa kwa kubonyeza vitufe vya pembeni huku akaunti bado imo, kikiwaka kitadai akaunti ile ile ya mwanzo, na bila hiyo hakitumiki. Mdogo wako akipokea kifaa cha hivyo, atakuwa Nansio na kishikwambi kisichofunguka, na wewe uko Mwaloni katikati ya mzigo.

Kwa hiyo kabla hakijapanda boti, kiwashe mwenyewe baada ya kukifuta. Kiunganishe na Wi-Fi na usogee kurasa mbili tatu. Kikikuuliza akaunti iliyokuwa ikitumika mwanzo, ingia wewe kwa nenosiri lako pale pale, uiondoe akaunti, ukifute tena. Kikikupa nafasi ya kuongeza akaunti mpya au kuruka, kiko tayari. Kizime hapo hapo, ukifungashe na waya wake wa chaji.